Koti la Mabel: Kumkumbuka Sajini Delmar Vossberg

Mwaka umetimia, Delmar, tangu moyo wako usimame asubuhi ile ukizoa theluji mlangoni. Mungu alikuita koleo likiwa mkononi.

Wengine walikujua kama sajini wa polisi wa chuo. Sisi tulikujua kama baba aliyekula pai kabla ya chakula, halafu akasali kwa sauti ndogo. Mabel, mbwa wako wa faraja, aliyefunzwa kuwatuliza wenye huzuni na hofu, alikuwa mwenzako wa zamu. Ukimvika lile koti la bluu, alijua ni kazi. Ukimvua, alijua amepumzika.

Wiki za mitihani wanafunzi waliwazunguka. "Afande, nipe Mabel dakika moja tu!" Nawe: "Mchukue, mwanangu, ila biskuti zilizo mfukoni ni zangu."

Na yule binti aliyejifungia chumbani siku tatu! Ulimwachia askari mwenzako bastola, ukaketi sakafuni nje ya mlango. Hukugonga. Mabel alipenyeza pua chini ya mlango, mkangoja mpaka binti akafungua mwenyewe.

Tulipotoka kukuzika, nililificha koti lile kabatini. Lilikuwa na harufu yako, sikutaka mkono mwingine ulishike. Sikujua namwonea Mabel. Alilala mlangoni, chakula akikinusa, akionja kidogo na kukiacha, akakonda mbavu zikaonekana. Tulidhani anakulilia, kama sisi.

Mwezi wa kumi akaja afande Tamsin, uliyemfundisha kazi. Akamtazama Mabel, akasema, "Mama, nisamehe. Huyu anasubiri zamu. Mvike koti lake, nimpeleke kazini."

Corwin wetu akafoka, "Basi chukua na kiti cha baba kabisa!"

Niliingia jikoni nikasali. Kisha nikalitoa koti, nikamvika mwenyewe. Mabel akasimama, akajinyoosha, akaenda moja kwa moja kwenye gari la polisi. Hakugeuka nyuma. Na wewe ulikuwa hivyohivyo kila asubuhi.

Jioni Tamsin humrudisha. Namvua koti, naye anamaliza bakuli zima. Koti sasa linanuka mvua na wanafunzi. Harufu yako imetoka, Delmar. Nimekubali.

Unakumbukwa na mkeo Lorene, wanao Corwin na Adelheid, dada yako Verna, na Mabel, ambaye kesho ana zamu.

Pumzika kwa Bwana. Maadamu tunapumua, hutasahaulika.