Ngozi ya Ngoma Ndani ya Kinanda

Mutheu mjukuu wangu,

Huku Kwa Vonza tuko wazima, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Umeuliza kwa nini kinanda cha kanisa ninakiita changu.

Nikiwa msichana, panya walitoboa mfuko wake wa hewa, mabomba yote tisini yakanyamaza. Kanisa lilikuwa limekataza ngoma, kwa hivyo ya babu yangu ilikaa bure. Niliikata ngozi yake, nikashona viraka kumi na saba. Kinanda kikalia, lakini aliyeshukuriwa ni mzee wa kanisa aliyenishikia mkasi tu. Ningesema ngozi imetoka wapi?

Juzi fundi aliyekuja kukikarabati akauliza kanisa lote, "Nani aliweka hii ngozi ya ngoma? Kiraka kimoja bado kinashika hewa. Hicho sikitoi."

Nikasimama. "Ni mimi."

Susu wako,
Kalekye