Karatasi Niliyorudi Nayo

Tlawi,
Jumapili mchana

Kwako mwanangu mpendwa Oliva,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Babati, wewe na Odilia, rafiki yako aliyekupa pa kulala. Tumbo limeacha kuuma? Sisi huku ni wazima, Mungu anatusaidia. Baba yako anakusalimu, yuko Masakta kwa mdogo wake, wanavuna mbaazi. Kaka yako Yohanes anakusalimu, amehamia kwa wakwe zake mpaka nyumba yake iezekwe. Marieta mke wake anakusalimu, na watoto, wote wako naye huko. Bibi Fransiska anakusalimu, shangazi yako alimchukua akatibiwe macho. Basi hapa nyumbani nimebaki mimi na ng'ombe. Nasonga ugali, nasahau, nakuta nimepika wa watu wanane.

Mwanangu, ile hukumu ya Tume ya mambo ya kazi uliyoiacha juu ya meza ilinishinda kusoma, mimi na darasa langu la nne. Nilimpelekea mwalimu Didas. Akasoma polepole, akanieleza kwamba mwamuzi hakukataa kuwa uliumwa. Amesema mfanyakazi aliyeharibikiwa mimba ana haki ya kupumzika, ila mwajiri apewe taarifa, na wewe hukuthibitisha kwamba alipewa. Ulikosa kazini siku tisa, ndipo bosi akakuachisha. Fausta, yule mpishi mwenzako, aliapa kwamba hakuna karatasi iliyofika pale nyumba ya wageni, na mwamuzi akamwamini. Mwalimu amesema bado kuna Mahakama Kuu, mtu anapewa wiki sita toka apokee hukumu. Tatu zimeshakwisha.

Halafu akaniuliza kwa nini mimi mama mtu sikwenda kuongea na bosi. Nikamwambia tulikuwa kwenye metimani. Yeye mtu wa Bukoba, akauliza huo ni ugonjwa gani, na kama zahanati wana dawa yake. Nikacheka kidogo. Nikamweleza kwamba kwetu nyumba iliyopoteza mimba inajitenga, haisogelei watu, na hasa mwenye mimba, isije ikampelekea msiba. Akasema, mama, siku hizi hayo si yameachwa. Ni kweli. Hata mimi nikiwa kanisani nasema nimeacha.

Sasa nakuambia jambo ambalo kwenye simu ungenikatia. Ile barua uliyonipa nimpelekee bosi, na cheti cha daktari ndani yake, sikuifikisha. Nilifika mpaka getini. Fausta alikuwa anaanika mashuka, amenipa mgongo, akageuka kidogo nikaona tumbo lake, limeshuka kabisa. Niliona nikimwita atakuja kunikumbatia kama kawaida yake, na mimi asubuhi ile nimetoka kufua nguo zako za damu. Nikarudi nayo. Nilisema kesho nitampa mtu mwingine aipeleke. Nilipoingia ndani uliniuliza, umegeukia ukutani, nikajibu nimefikisha. Ukapata usingizi, wa kwanza tangu hospitali. Nikashindwa kukuamsha, na siku zikapita.

Siku ya shauri nilikuwa kwenye benchi nje. Nilikusikia ukimwambia Fausta kwamba amenunuliwa kwa kilo ya sukari. Sikuinuka kuingia ndani. Fausta hakusema uongo, mwanangu, wala wewe. Mwongo ni mimi. Alijifungua salama, mtoto wa kike, na mpaka leo sijaenda kumpa hongera, nitamtazamaje.

Barua yako na cheti ninavyo, na tarehe zinasomeka. Mwalimu sijamwambia, nimeanza na wewe. Nataka kuja Babati niseme kwa mdomo wangu mwenyewe, hata wakinifanya wanavyotaka. Ila shauri ni lako, sitatoka hapa kabla hujaniruhusu.

Msalimie sana Odilia na wote wa nyumba hiyo. Usilale na njaa.

Ni mimi mama yako,
Paskalina

Nijibu upesi, hata maneno mawili, mpe Agustino kondakta wa basi aliyekuletea hii. Kama umekasirika andika hivyohivyo, nitasoma. Na uniambie kama utanipokea stendi, au niulize njia ya kwenda hiyo Mahakama Kuu peke yangu.