Godoro la Kuvulia Samaki

Sule, sheikh wangu,

Mkeo katoka eda. Jambo la kwanza alilotaka, kabla hata ya kwenda kwenye harusi ya mtu, ni nimpeleke huko ulikokuwa ukipotea kila Jumamosi. Nikamwambia, shemeji, ni bwawani tu, nje ya London, tunavua samaki kwa chambo cha nzi wa bandia, wa manyoya. Akanitazama kwa jicho lile unalolijua. "Haya. Chukua na vitu vyake vyote. Nataka nione kila kimoja kazi yake."

Vyote! Unakumbuka tulivyokuwa tukigombana mbele ya nyumba yako pale Hayes, majirani wanatuchungulia? Mimi ufito mmoja wa kuvulia na kikopo cha nzi mfukoni, basi. Wewe fito tatu, mabuti ya kufika kiunoni, chupa mbili za chai, sufuria ya pilau, birika la kutawadhia, mkeka, na lile godoro lako la sponji. "Atakuja mtu na njaa," ukisema. Mtu gani, bwana? Bata?

Sasa kigari changu ni kile kile cha milango miwili, na shemeji hawezi kupanda na mimi peke yetu, kwa hiyo kaja na mwanenu Maryamu. Nikapakia, nikapakua, nikapakia tena. Maryamu kakaa nyuma kakumbatia sufuria, analalamika kwa Kizungu. Nikaacha fito mbili na mabuti. Nilipotaka kuacha godoro, shemeji akaja juu: "Hilo ndilo la kwanza!"

Njiani la moyoni likamtoka. Sule, mkeo miaka yote alidhani umeoa! "Shemeji, nani anakwenda kuvua na godoro na pilau, halafu anarudi hana hata dagaa?" Nilicheka nusura nitoke njiani. Nikamweleza kuwa pale samaki akishashikwa anarudishwa majini, ndiyo sheria yao. "Uwongo huo mliupanga lini?" akauliza, wala hakuwa anacheka. Maskini, eda nzima kakaa ndani hajui anamlilia mume wake au mume wa wawili.

Tulipofika akalizunguka bwawa zima, kibanda cha mlinzi akakichungulia mpaka chini ya meza. Yule mlinzi, mzee wa Kizungu, alipojua huyu ni nani, akavua kofia. Akamwonyesha mahali pako, Maryamu anamfasiria mamake: hapa alikuwa akilisha kila mtu, halafu anasali, halafu anatandika godoro na kukoroma mpaka samaki wanahama. Kisha mzee akauliza kama leo kuna pilau. Shemeji alicheka, Sule! Akacheka mpaka akaketi chini, halafu akalia, na mimi nikajitia nafungua fundo kwenye mshipi. Wallahi nilikukosa siku ile.

"Kumbe mke mwenzangu ni haya maji," akasema, anajifuta kwa ncha ya mtandio. "Na wala si mazuri!"

Jana kanipigia simu, Jumamosi tunaondoka saa ngapi. Mara ya kwanza alikwenda kukukagua, sasa anakwenda kukutembelea.

Haya, lala pema, sahibu yangu. Maadamu gari linawaka nitampeleka. Nitamfundisha kurusha mshipi, na nakuahidi sitamcheka, hata ndoana yake ikinivua kofia.

Wako,
Athumani