Inchi Mbili za Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Kiungulia tena. Nimekula mkate mkavu na chai isiyo na sukari, lakini kifua kinawaka kana kwamba nimemeza pasi ya makaa. Leo kazini nimeshona kola nane huku nimekaa wima kama askari, maana nikiinama tu kwenye cherehani, kitu kichungu kinapanda hadi kooni. Mzee Mkasi, mkataji wetu, akaniuliza kama kiti changu kimeota miiba.

Jioni wifi yangu amekuja na chungu cha mshubiri. Huyu dada wa mume wangu ana dawa ya kila kitu, hata ya magonjwa ambayo hayajafika. Maelezo marefu: kata jani la chini, lisimamishe kikombeni lichuruzike maji ya njano, yamwage, halafu ukwangue ule ute mweupe. Kijiko kimoja asubuhi, basi. Wenye mimba hawagusi kabisa. Hapo tulicheka mpaka mume wangu akachungulia kutoka chumbani. Mimi na mimba! Miaka arobaini na nne, siku zangu sijaziona tangu Novemba, mwili umeshafunga duka.

Nimeuweka dirishani jikoni. Una majani manene, mengi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeianza dawa ya wifi. Yale maji ya njano nimeyaonja kwa ncha ya ulimi — sijawahi kuonja kitu kichungu namna ile tangu nizaliwe! Masikio yalinisimama. Kisha nikaonja ute mweupe: hauna ladha, kama gundi ya maji.

Sasa nimwage uchungu ninywe gundi? Si sawa na kutupa kitambaa ukashona karatasi kilimofungiwa? Nguvu ya dawa ni uchungu wake, kila mtu anajua hilo. Nimekoroga vyote pamoja, nikaziba pua, nikanywa.

Wifi sijamwambia. Anapenda sana kufuatwa neno kwa neno.

Jumapili, 16 Machi

Tumbo linaendesha. Asubuhi mara tatu. Naona ndiyo kusafishika kwenyewe. Mume wangu, ambaye ni kinyozi na hivyo ni daktari, wakili na mshauri wa ndoa wa mtaa mzima, anasema mteja wake mmoja alitumia shubiri akapona hata mguu. Nimemwambia mguu haupati kiungulia.

Kinapungua lakini. Juzi nimelala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Jumatano, 26 Machi

Mahafali ya binti yangu ni mwezi ujao. Mwalimu kamili! Bado siamini. Nimenunua kitambaa cha buluu iliyokolea, na leo Mzee Mkasi amenipima gauni. Mganga hajigangi, na kwetu fundi hajipimi: ukijipima mwenyewe unainama kidogo, futi inadanganya. Hata mimi ninayeshona mwaka wa kumi na tisa, sina ruhusa.

Alikuwa mkimya ajabu. Kwa kawaida akinipima ananitania kuhusu makalio. Leo amepima kutoka begani hadi chini ya goti mbele, akarudia, akapima nyuma, akarudi tena mbele. Akaniuliza, "Mwanangu, unapumzika lakini?" Nikamjibu napumzika, ninachofanya ni kunenepa uzeeni. Akaandika kwenye daftari la vipimo na kulifunga.

Gesi imezidi tumboni. Inatekenya chini ya kitovu, inatulia, inatekenya tena. Asubuhi nilicheka peke yangu jikoni. Shubiri inafanya kazi.

Jumatatu, 7 Aprili

Kiungulia kimekwisha! Jumamosi asubuhi kilinichachamalia vibaya, nikaamua kukikomesha: majani mawili badala ya moja, na maji yake yote. Tumbo lilininyonga siku nzima, nikajikunja kitandani kama kitambaa kilichotoka kufuliwa. Lakini jana, kimya. Leo, kimya. Nimekula maharage ya kukaanga na pilipili, sikuungua hata kidogo. Hata ile gesi imeondoka, tumbo limetulia kabisa.

Nimempigia wifi kumshukuru. Akafurahi kama aliyeuvumbua yeye huo mmea.

Jumanne, 8 Aprili

Maskini Mzee Mkasi. Macho yameanza kumsaliti. Amenipa vipande vya gauni langu vikiwa tayari vimekatwa, nimevilaza mezani: kipande cha mbele kimezidi cha nyuma kwa inchi mbili nzima! Yeye, ambaye amekata suti za watu wazito bila kupoteza hata uzi.

Sikutaka kumwaibisha mbele ya wenzetu. Nimesubiri aende kunywa chai, nimechukua mkasi, nimeziondoa zile inchi mbili. Nikavificha vipande chini ya mashine. Kesho naunganisha, najaribu, hatajua.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui kama nitaweza kuyasoma haya baadaye. Naandika hivyo hivyo.

Nimemaliza gauni saa nne. Nikaingia chumba cha kujaribia, nikavaa, nikasimama mbele ya kioo kirefu. Pindo la nyuma chini ya goti, mahali pake. La mbele juu ya goti! Limenyanyuka kama pazia. Nikavuta chini. Likarudi. Nikageuka ubavu nione kosa liko wapi.

Nikaliona.

Katika kazi yetu kuna jambo tunalijua kabla ya wakunga. Mteja anakuja anasema amenenepa, mpime upya. Mtu akinenepa, anaongezeka mikono, mgongo, kila mahali. Lakini bega likibaki lile lile, mkono ule ule, halafu mbele peke yake pakidai kitambaa, basi hajanenepa. Unampa inchi mbili za mbele ili pindo likae sawa. Na husemi kitu! Hiyo ni sheria ya karakana, Mzee Mkasi alinifundisha wiki ya kwanza: kilichoonwa na futi kinabaki kwa futi. Mwenye habari yake atasema akitaka. Nimewapa wanawake wangapi inchi zile? Hamsini? Mia?

Nikakaa sakafuni na gauni lote.

Mzee Mkasi alinikuta hapo. Akatazama pindo, akatazama uso wangu, akajua nimekata. "Nilidhani unajua," alisema. "Nilidhani unaficha, kwa sababu ya zile za nyuma." Halafu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Zile za nyuma. Mbili, baada ya binti yangu. Ya mwisho ilitoka nikiwa pale pale karakana, yeye ndiye aliyeita gari. Toka siku hiyo mimi na mume wangu hatujawahi kulitaja neno lenyewe nyumbani, kana kwamba tumelipeleka kwa jirani likae huko.

Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Kiungulia! Hata kwa binti yangu niliwaka hivi hivi, nilitafuna mkaa ili kitulie, nilikuwa nimesahau. Na ile iliyokuwa ikitekenya chini ya kitovu. Gesi, nikaandika. Hapo juu nimeandika gesi, kwa mkono wangu, na nikacheka.

Halafu ndipo likanijia la shubiri.

Sikuwahi kujua mwili unaweza kuwa baridi namna ile saa tano za mchana. Majani mawili. Maji ya njano yote. Jumamosi. Na tangu Jumapili hakuna kinachotekenya. Nilishangilia! Nilipiga simu kushukuru!

Nimempigia wifi. Nilisema tu nina mimba, akapiga kelele ya furaha, kisha kelele ikakatika katikati. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Wifi, yale maji ya njano ulikuwa unayamwaga?" Akauliza tena. Nikakata simu. Mara ya kwanza katika ndoa yangu namkatia simu, na kosa si lake hata chembe. Alinieleza yote. Alinieleza hata la mimba, nikacheka.

Mume wangu nimemwambia nyumbani, alipofika kubadili shati. Amesimama na shati moja mkononi na jingine mwilini. Sijui nilitegemea nini, labda anigombeze, ningepata pa kushika. Amekwenda jikoni. Nikamfuata, nikamkuta ameinama dirishani anahesabu vikonyo vya majani niliyoyakata, kimoja kimoja, anavigusa kwa kidole. Kumi na saba. Akarudia, pengine amekosea. Kumi na saba.

"Kesho siendi kazini," akasema. "Tunakwenda wote." Akakaa kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa, na mashati yake mawili.

Alhamisi, 10 Aprili

Zahanati. Naandika kwenye benchi, daftari juu ya mapaja. Mume wangu yuko kulia kwangu, ameshika chupa ya maji ninayotakiwa kuimaliza. Nitaeleza kwa mpangilio, nisipofanya hivyo nitapiga kelele.

Nesi mmoja, mnene, mpole, amenipapasa tumbo. Akasema kwa ukubwa huu ni kama wiki ishirini. Wiki ishirini! Nusu ya safari nimeipita nikidhani nasafisha tumbo. Akaniuliza umri, akaandika. Mimba za nyuma, akaandika. Akauliza kama kuna dawa yoyote nimetumia, ya hospitali au ya kienyeji. Nikasema hakuna.

Ndiyo, nimesema hakuna. Mdomo ulisema wenyewe. Mume wangu akanitazama tu. Nesi naye akaiweka kalamu mezani, akasubiri. "Mficha uchi hazai, dada yangu," akasema. "Mimi si polisi."

Nikamwaga yote. Wiki tano, kijiko, majani mawili, maji ya njano. Nilitaka anikaripie. Hakunikaripia, ameandika polepole na kupigia mstari, na huo mstari umenitisha kuliko makaripio. Nikamuuliza kama nimemuua. Akasema hapo hawezi kusema ndiyo wala hapana. Shubiri ile ya njano hukoroga matumbo na inaweza kuushtua mfuko wa uzazi, ndiyo maana inakatazwa. Wako waliopoteza, wako waliokunywa na watoto wao sasa wanasumbua shuleni. Damu sijaona, hiyo ni nzuri. Tusitangulie, akasema.

Akachukua kile kifaa cha kusikilizia mapigo, akanipaka ute tumboni. Baridi, unateleza, unang'aa. Nilipouona niligeuza uso ukutani. Akahamisha kifaa kushoto. Tukasikia du-du, du-du. Mume wangu akaruka kutoka kwenye kiti! Nesi akatikisa kichwa. "Huyu ni mama mwenyewe," akasema. "Wa mtoto yanakimbia zaidi."

Akahamia kulia. Juu. Chini kabisa. Kila alipofika, ni mimi tu. Sijawahi kuuchukia moyo wangu mwenyewe kama leo.

Akafuta kifaa kwa kitambaa. Kifaa ni cha zamani, akasema, na pengine mtoto amegeuza mgongo, na pengine kondo la nyuma limekaa upande wa mbele, hutokea sana. Ile mashine kubwa ya picha ndiyo itakayosema. Ninywe maji, nisiende chooni, ningoje kuitwa. Alivyosema "hutokea sana" hakunitazama machoni. Au alinitazama, sijui, mimi ndiye niliyeinamisha uso.

Kwa hiyo tunangoja. Wako wanne mbele yangu.

Wifi amepiga simu mara sita. Mara ya saba mume wangu amepokea, akaenda dirishani kuongea. Amerudi kuniambia dada yake yuko getini, hathubutu kuingia. Nimesema mwambie aje, kosa ni langu. Amekuja. Amekaa chini, miguuni pangu, nafasi ipo kwenye benchi lakini hataki. Ameshika kifundo cha mguu wangu. Huyu mwenye neno la kila jambo.

Wako watatu.

Mzee Mkasi ametuma ujumbe. Anasema zile inchi mbili nilizokata ameziokota kwenye pipa la vipande, atazishonea kwa ndani, hapataonekana mshono. Anauliza aendelee au angoje. Sijamjibu. Nitamjibu nini?

Najaribu kusikiliza chini ya kitovu. Nikikaa kimya sana nasikia maji tu.

Wako wawili.

Ngoja.

Kifua. Kimeanzia chini ya mbavu, kidogo, nikadhani ni hofu. Sasa kimefika katikati. Kinawaka! Ni chenyewe, kile kile. Siku nne kilikuwa kimekufa, na nimekunywa maji matupu tangu asubuhi.

Nimemwita nesi alipokuwa akipita, nikamwambia kiungulia kimerudi. Amesimama, akanionea huruma, akasema kiungulia hakipimi mimba, dada yangu, nisikifanye mashine. Sawa. Nimesikia.

Mama aliyekaa upande wa pili ameniona nimeshika kifua, amechomoa kidonge cha kutafuna kwenye mkoba wake akaninyooshea, akasema chake yeye kinatulia papo hapo. Mume wangu akanyoosha mkono kukipokea. Nimemshika mkono. Wifi ameinua uso kutoka chini, naye akamwambia kaka yake, "Mwache."

Kimepanda hadi kooni, kichungu. Nimekaa wima, nusu pumzi, sitaki kukishtua.

Yuko mmoja mbele yangu.