Alama ya Mpira Uliyoifuta Palermo

Mwaka umetimia Jumanne hii, Olindo, tangu tulipokuzika hapa Faenza ukiwa na soksi zako nyeupe za uwanjani, kama ulivyotaka. Mkeo Nevia ndiye aliyenisukumia kalamu. "Andika wewe, Learco," alisema. "Sisi wengine tulishamwambia yetu yote."

Ulikuwa mtu wa kuamka mapema. Ulizunguka na tenisi miaka kumi na minne, kisha bega likakataa, ukarudi kufundisha hapa hapa nyumbani. Uwanja uliumwagia maji mwenyewe na kufagia mistari mpaka ing'ae juu ya ule udongo mwekundu. Uliwafundisha wastaafu, mwenye duka la dawa, hata watawa wawili waliocheza na kanzu zao ndefu, na kila aliyekosa ulimwambia, "Vizuri, nusura uingie!" Hukuwa na kinyongo na mtu. Hilo ndilo linaloniuma mimi, kaka yako.

Habari ya Palermo watu wote wa mjini wanaijua, ila wameisikia kwa mdomo wangu. Ilikuwa robo fainali, kubwa kuliko zote ulizowahi kufika. Ulibakiza pointi moja tu ushinde. Mpinzani wako, Mhispania, akapiga, refa akasema nje. Mimi, kocha wako, nikarusha kofia juu. Wewe ukaenda taratibu hadi pale mpira ulipoacha alama kwenye udongo, ukainama, ukaifuta kwa kiatu na kumpa Mhispania pointi ile. Baada ya hapo mchezo ukakuponyoka, na robo fainali nyingine hukuiona.

Kwenye treni nilikusema njia nzima.

"Mjinga wewe! Refa kashasema nje, wewe nani umbishie?"

"Ulikuwa ndani, Learco."

"Ndani ya kichwa chako!"

Nikaligeuza kuwa utani, na utani haukuisha. Kila Jumapili cappelletti, zile tambi zetu za kujazwa, zikipakuliwa na supu yake, nilisema, "Mpeni kwanza mtakatifu wa Palermo, kabla hajaigawa sahani yake kwa jirani!" Meza nzima ilicheka, nawe ulicheka. Baa nayo ikalidaka jina hilo. Miaka thelathini na minane, mdogo wangu, na hukuwahi kuniambia basi.

Wiki ile ya mwisho hospitalini ndipo uliponiuliza: "Learco, wewe ulikaa upande ule. Ulikuwa ndani, siyo?"

Nikakujibu, "Kunywa supu kwanza, itapoa."

Ukanywa. Kesho yake hukuweza kusema tena, na keshokutwa ukaondoka. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshafika.

Nilikaa hatua tatu kutoka pale, Olindo. Mpira uligusa mstari. Niliuona kabla hujainama, na kofia niliirusha nikijua.

Misa ya kukuombea ni Jumapili saa nne asubuhi parokiani, kisha tutakula pamoja kwa Nevia.

Wanaokukumbuka: mkeo Nevia, binti yako Ilde na mumewe, dada yetu Argia, wanafunzi wako wote wa klabu, watawa wakiwemo, na kaka yako Learco.

Daima tutakukumbuka, Olindo, na kuanzia leo Palermo tutaisimulia ilivyokuwa.