Rais wa Shemegi Khamis

Jumapili, 4 Januari
Nimechemsha maziwa, nikatoa vikombe viwili, nikarudisha kimoja kabatini. Mkono bado haujazoea. Nimo edani kwa kufiwa na mume, sitoki. Huku Bawshar, nchi ya Kiarabu, asubuhi kuna baridi nzuri. Alhamdulillahi kwa baridi.

Salma kapiga simu kutoka Sib. Babake, shemegi Khamis, hali chakula. Chai na kipande cha mkate, basi. Tangu mdogo wake, Seif wangu, afariki. Daktari kamkemea: mtu wa sukari hakai na njaa. Macho hayaoni tena, nje hatoki, na sasa hali. Naogopa. Nimeshazika mmoja.

Jumanne, 6 Januari
Kumbe kuna kitu shemegi anakiuliza kila siku: habari ya rais imekuwaje?

Seif alikuwa akimsimulia maisha ya rais mmoja wa zamani wa Marekani, aliyetaka kuitengeneza nchi yake. Akisoma kitabu cha Kiarabu, kisha akienda kukaa garini uani, madirisha kafunga, anarikodi kwa Kiswahili na kumpelekea kwa simu. Nikimchungulia kutoka jikoni, anapunga mikono peke yake. Nilicheka sana. Sikusikiliza hata mara moja.

Kitabu bado kimo garini. Alikuwa karibu amalize.

Ijumaa, 9 Januari
Nimerikodi. Garini, kwenye kiti changu, si chake. Kiarabu nilijifunza ukubwani, nasoma kwa kidole. Rais kapiga marufuku watoto kufanya kazi viwandani. Kazi za serikali sasa kwa mtihani, si kwa kujuana. Matajiri waliomsaidia wamemgeuka, na chama chake kinamtaka alegeze. Hakulegeza. Nimesema yaliyomo tu.

Jioni shemegi kajibu: "Ahsante, shemegi. Lakini rais wako mkavu kama mkate wa boflo wa juzi. Na mkewe umemtia wapi?" Salma anacheka nyuma yake. Usiku kaniambia babake kala wali kidogo.

Jumatano, 14 Januari
Nimemtafuta mke kitabuni. Katajwa siku ya harusi na siku ya kuapishwa. Hana neno hata moja. Nikamwomba Salma aniletee rikodi za Seif. Zilipofika nikazitazama tu. Kisha nikabonyeza.

Sauti yake. Ya Rabbi. Kikohozi chake kile kabla ya kuanza.

Rais wa Seif anazungumza kama mtu wa Unguja. Siku ya uchaguzi wake wa kwanza anataka kutoka bila ya kula. Mkewe anamshika kanzu (kanzu, Marekani!) anamwambia: "Kaa ule, bwana. Dunia ilikuwa mbovu kabla hujazaliwa, itakungoja umalize uji."

Maneno yangu hayo. Nilimwambia Seif kila alipokuwa akikimbilia wizarani. Rais anaposhindwa ugavana, mkewe anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi na kumwambia kushindwa si kufa. Yangu pia, siku aliponyimwa cheo. Nilidhani hasikii. Akifunga viatu tu.

Nimelia, lakini si kilio kibaya. Nashukuru.

Ijumaa, 16 Januari
Nimefika mwisho wa kitabu na nimekasirika. Rais kashindwa uchaguzi wa muhula wa pili, karudi kwao, kaugua, kafa. Vipi nimwambie mtu asiyetaka kula kwamba na huyu naye kafa?

Salma anasema, "Mama mdogo, mwache hai tu." Siwezi. Kumdanganya mtu asiyeona ni dhambi mara mbili. Na shemegi leo hakula mchana. Anasema atakula akishasikia mwisho.

Jumapili, 18 Januari
Nimerikodi baada ya Alfajiri. Kashindwa, karudi, kaugua, kafa. Sheria ya watoto imebaki. Sikuficha.

Kisha nikaongeza yasiyokuwemo. Mkewe alibaki. Asubuhi akitoa vikombe viwili, akirudisha kimoja. Watu wakija kumwambia watoto wao wametoka viwandani, sasa wanasoma. Akawaambia ahsanteni, na sasa kaeni mle.

Alasiri ikaja sauti ya shemegi, pumzi nyingi, maneno machache: "Huyo ndiye mkewe. Huyo namjua." Nyuma yake nikasikia sahani inawekwa mezani, na Salma anauliza aongeze mchuzi? Ongeza, kasema.

Chai yangu nimeinywa garini, kwenye kiti changu. Madirisha nimeyafungua.