Kiti cha Peke Yako

Mdogo wangu mpenzi,

Huku tu wazima. Goti la mama limepata nafuu, sasa anapanda ngazi huku akitusema sote.

Uliniuliza abiria hupandishwaje daraja la juu bila kulipa. Sisi wa kaunta ya ndege, tukiuza tiketi kuzidi viti vya nyuma, inabidi tumsogeze mtu mbele. Mwenye kelele hatumtaki, wala anayejipendekeza kwa chokoleti, ingawa chokoleti tunakula. Tunamtafuta anayesafiri peke yake, maana kiti kinachobaki huwa kimoja. Jana bwana mmoja alikikataa ili akae na mkewe. Nikampenda bure.

Juzi kwenye simu ulisema jicho limevimba kwa sababu uligonga kabati. Mwaka jana pia lilikuwa kabati. Niligeuza mazungumzo kwa kuwa mama alikuwa karibu.

Nimekukatia tiketi, jina lako tu. Shemeji akiuliza, mwambie mama amezidiwa na goti. Wasipokupandisha, kaa hukohuko nyuma, mradi ufike. Nitakuwa pale wanapotokea abiria.

Ya kurudi sijakata.

Dada yako